Tabaka la Novemba

Mhadhara kuhusu maporomoko ya theluji katika milima ya Selkirk, uliotolewa mbele ya wazazi, madereva na vijana wazungumzaji wa Kiswahili mjini Calgary



Nimeombwa nizungumze juu ya theluji. Najua wengi wenu mnaiona ya kutosha kila asubuhi mnapokwangua vioo vya magari, lakini leo sitasema juu ya theluji ya mjini. Nataka tuitazame ile iliyolala milimani, saa nne hivi kwa gari magharibi ya hapa, mahali ambapo kaka zetu hupita na malori usiku na mchana, na ambapo watoto wetu wameanza kwenda na shule zao majira ya baridi. Nitakaa mahali pamoja tu, Rogers Pass katika jimbo la British Columbia. Hatari ya maporomoko ipo kuanzia Alpi hadi Himalaya, ila pale Rogers Pass imeishi na watu tangu reli ilipopita, na mambo yake yameandikwa vizuri.

Reli ya Canadian Pacific ilipenya mlango huo wa milima mwaka 1885. Mlango wenyewe hauna urefu wa kutisha, mita 1,330 tu juu ya bahari, lakini kuta za milima zimesimama pande zote mbili, na mawingu yanayotoka bahari ya Pasifiki huja kutua mzigo wake hapo. Ukijumlisha theluji inayoanguka kwa msimu mmoja unapata karibu mita 10. Wajenzi wa reli walilijua hilo, wakajenga mapaa 31 ya magogo juu ya njia ili maporomoko yapite juu na treni ipite chini. Hata hivyo, kati ya 1885 na 1911 zaidi ya watu 200 walikufa kwa maporomoko katika kipande hicho cha reli.

Usiku wa tarehe 4 Machi 1910 kikosi cha wafanyakazi kilikuwa kikifukua poromoko lililoshuka kutoka mlima Cheops na kuziba reli. Walikuwa na mtambo wa kusukuma theluji, na watu wenye masepeto ndani ya mfereji waliouchimba katikati ya theluji hiyo. Yapata saa tano na nusu usiku poromoko jingine likashuka, si kutoka Cheops, bali kutoka mlima wa upande wa pili wa bonde, nyuma ya migongo yao. Likaujaza mfereji wote, likakipindua kichwa cha treni. Watu 58 walikufa. Kati yao, 32 walikuwa Wajapani, vibarua waliovuka bahari kutafuta riziki. Nawataja kwa makusudi, kwa sababu ukumbi huu umejaa watu waliovuka bahari kwa sababu ileile, na kazi ngumu za barabarani na milimani nchi hii bado huwaangukia wageni kwanza. Siku tatu kabla ya hapo, tarehe 1 Machi, kule Wellington katika jimbo la Washington, Marekani, poromoko lilikuwa limezisukumia treni mbili bondeni na kuua watu 96.

Kilichowaua wale 58 ni mteremko ambao hakuna aliyekuwa akiufikiria. Macho yote yalikuwa kwenye upande uliokwisha kumwaga. Kosa hilo mtaliona tena, katika sura nyingine, nitakapofika mwaka 2003.

Mwaka 1916 kampuni ya reli ilisalimu amri, ikachimba handaki la Connaught, lenye urefu wa kilomita 8 chini ya mlima, treni zikaacha kupita juu. Lakini mwaka 1962 barabara kuu ya Trans-Canada ilifunguliwa, na magari yakarudi palepale treni zilipokimbia. Zaidi ya njia 130 za maporomoko zinaielekea barabara hiyo. Ndiyo maana tangu 1961 wanajeshi wa mizinga wamekuwa wakipelekwa pale kila majira ya baridi, na mizinga ya milimita 105, kuipiga miteremko wakati barabara imefungwa, ili theluji ishuke ikiwa haijawa kubwa mno na hakuna mtu chini yake. Basi dereva ukisimamishwa kwenye kizuizi kwa saa mbili, usimlaani mwenye bendera. Na ukiona kibao kinachokataza kusimama katika eneo la maporomoko, usisimame, hata kama unataka tu kufunga minyororo ya magurudumu au kupiga picha. Iko sehemu iliyotengwa kwa kazi hiyo. Gari linalokwenda linakuwa ndani ya njia ya poromoko kwa sekunde chache, lililosimama linalisubiri.

Hayo ni ya barabarani, ambako serikali inakulinda. Ukiiacha barabara na kuingia bondeni kwa miguu au kwa ski, hakuna atakayekupigia mzinga. Huko unategemea kuielewa theluji.

Theluji haikai vile ilivyoanguka. Tangu inapotua inaanza kugeuka, na inageuka kufuatana na joto lililo chini yake na baridi iliyo juu yake. Ardhi iliyofunikwa na theluji hubaki karibu na nyuzi 0 majira yote ya baridi, hata hewa ikishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Theluji ikiwa nene, tofauti hiyo hutawanyika katika kina kirefu, na chembe zake huviringana taratibu na kushikana. Ikiwa nyembamba, kama inavyokuwa Novemba, tofauti ileile hubanwa katika sentimita chache. Ikizidi takriban nyuzi 1 kwa kila sentimita 10, mvuke huhama kwa kasi ndani ya theluji, unatoka chembe hii unagandia chembe ile, na badala ya kuviringana chembe zinaota pembe na nyuso bapa. Hizo hazishikani. Ukizichota kiganjani zinachuruzika kati ya vidole kama sukari.

Sasa fikiri tabaka la namna hiyo likabaki chini, halafu dhoruba ya Desemba ikaweka nusu mita juu yake, na upepo ukaisaga theluji hiyo na kuipakia kwa kuishindilia. Mabaharia wa pwani yetu wana joshini na demani, upande unaopigwa na upepo na upande unaokingwa nao. Mlimani upepo huikomba theluji joshini na kuimwaga demani, na upande huo wa demani mteremko mmoja unaweza kupata kwa saa chache theluji ambayo mawingu yangeileta kwa siku kadhaa. Inashikana ikawa bamba moja, gumu, zuri la kutelezea. Chini ya bamba ni zile fuwele zisizoshikana. Anayepita juu hajui. Uzito wa mtu mmoja ukifika kwenye tabaka lile, linabonyea, ufa unakimbia chini ya bamba mbali kuliko macho yanavyoona, na upande mzima wa mlima unakatika na kuondoka kwa pamoja. Katika sekunde chache mwendo wake unafika kilomita 100 kwa saa au zaidi. Wakati mwingine, kwenye ardhi tambarare, unasikia mgumio mzito wa theluji ikizama chini ya miguu yako na bamba halina pa kwenda. Sauti hiyo ikitokea, safari ya kupanda mahali penye mwinuko imekwisha kwa siku hiyo. Sijui ishara nyingine inayosema wazi kuliko hiyo, labda tu kuliona poromoko jipya kwenye mteremko wa jirani.

Kwa kuwa tabaka dhaifu limefichika, watu wa kazi hii huchimba. Nataka niwaoneshe wanavyofanya, kwa sababu nikiwa nimepiga magoti mbele ya shimo kama hilo ndipo nilipoelewa kwamba mlima una kumbukumbu. Unachimba hadi mita moja na nusu hivi, mahali salama panapofanana na mteremko unaotaka kwenda, kisha unausawazisha ukuta kwa sepeto mpaka uwe wima na laini. Unaanza juu, unasukuma mkono. Theluji mpya inaingiwa na ngumi nzima. Chini kidogo ngumi inakataa, vidole vinne vinaingia. Chini zaidi kidole kimoja, halafu ncha ya penseli, halafu kisu tu. Hivyo ndivyo ugumu unavyopimwa, na hakuna mashine. Unachotafuta si ulaini wenyewe. Unatafuta pale ambapo kidole kimekuwa kikigonga ukuta mgumu, halafu ghafla, chini yake, ngumi inazama. Hapo pana bamba lililokalia kitu kibovu. Kisha unakata nguzo ya sentimita 30 kwa 30, unalaza bapa la sepeto juu yake, unapiga kwa ncha za vidole ukikunja kifundo cha mkono mara 10, halafu kutoka kwenye kisugudi mara 10, halafu kwa ngumi kutoka begani mara 10. Nguzo ikikatika mapema, na uso wa mkatiko ukawa laini kama umekatwa kwa msumeno, umepata jibu. Isipokatika, umejua habari za nguzo moja tu. Mita 20 kutoka hapo bamba linaweza kuwa jembamba, karibu na mwamba au mti, na uzito wako ukalifikia tabaka kwa urahisi. Shimo linaweza kukukataza kwenda. Halina mamlaka ya kukuruhusu.

Sasa tuje kwenye msimu wenyewe ulioupa mhadhara huu kichwa chake.

Katikati ya Novemba 2002 mvua ilinyesha juu ya theluji changa katika milima ya sehemu hizo, ikapanda hadi juu sana. Baridi ikafuata. Maji yakaganda, likafanyika ganda la barafu, na zile fuwele zenye pembe zikaota zikiwa zimegusana nalo. Kisha msimu ukaendelea kama kawaida. Theluji ya Desemba ikalifunika, ya Januari ikaongeza. Aliyefika Rogers Pass mwezi wa pili aliona uzuri mtupu, wala hapakuwa na dalili juu ya uso wa theluji kwamba kuna mvua ya Novemba chini. Wataalamu walijua kwa kuwa walikuwa wakichimba na kuandika tangu mwanzo wa msimu.

Tarehe 20 Januari 2003, kwenye barafuto ya Durrand, kaskazini ya hapo, poromoko liliua watu saba wa kikundi kilichokuwa na waongozaji. Mmoja wao alikuwa Craig Kelly, mmoja wa watelezi wakubwa wa ubao duniani, mtu aliyekuwa akisomea uongozaji wa milimani. Siku kumi na mbili baadaye, Jumamosi tarehe 1 Februari, wanafunzi 14 wa shule moja ya hapa Alberta na watu wazima watatu walikuwa wakipanda kwa ski bonde la Connaught, chini ya mlima uleule Cheops wa mwaka 1910. Safari hiyo ilikuwa sehemu ya masomo yao ya nje, na shule iliifanya mwaka hadi mwaka. Kila mtoto alikuwa na bikoni kifuani, yaani kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi, pamoja na sepeto na fimbo ya kuchomea theluji. Walikuwa wamesoma taarifa ya hatari. Walikuwa wameachana nafasi wakitembea. Karibu na saa sita mchana mteremko wa kaskazini wa Cheops ulikatika wenyewe, juu kabisa, mbali nao. Waongozaji wawili wa milimani, wasio wa kikundi hicho, waliokuwa wametangulia waliuona ukija, wakapiga kelele. Theluji iliwafikia wote 17. Waongozaji wale wakageuka na kuanza kutafuta na kuchimba, na wako watu walio hai leo kwa sababu ya mikono yao. Watoto saba walikufa.

Majira hayo Kanada ilipoteza watu 29 kwa maporomoko.

Sitaki mtu atoke hapa akisema walimu wale walikuwa wazembe. Ukisoma yaliyoandikwa baadaye unaona watu waliofanya mengi ambayo vitabu vinaagiza. Ndiyo sababu kisa hiki kinanikaa moyoni kuliko visa vya watu waliojitosa bila vifaa. Hatari siku hiyo ilikuwa imetangazwa daraja la 3 kati ya 5 sehemu za juu, na pungufu ya hapo chini ya mstari wa miti. Wao walikuwa bondeni, hawakuwa na nia ya kupanda uso wa Cheops. Kwa hesabu ya mteremko walioukanyaga hawakuwa mahali pabaya. Kwa hesabu ya mteremko uliokuwa juu ya vichwa vyao, walikuwa mahali ambapo kosa la mlima, si lao, lingewafikia. Vifo vingi vya maporomoko, karibu tisa katika kila kumi, huletwa na mwathirika mwenyewe au mwenzake kulivunja bamba. Kisa hiki ni cha ile sehemu moja iliyobaki, na wazazi hawana budi kukijua, kwa sababu vikundi vya watoto hupelekwa mabondeni, si vileleni, na watu hudhani bonde ni salama.

Niseme kidogo juu ya daraja la 3, kwa kuwa linadanganya. Mtu akisikia 3 kati ya 5 anaona ni katikati, ni alama ya kupita. Madaraja haya hayapandi kwa hatua zilizo sawa. La kwanza ni hatari ndogo, la pili ni ya kadiri. Katika la tatu tayari maporomoko yanaweza kushuka yenyewe, na yale yanayoletwa na watu ni ya kutarajiwa. La nne na la tano watu hukaa majumbani. Kwa hiyo daraja la 3 ndilo linalozika wengi, Kanada na Ulaya pia. Anga ni safi, theluji ni mpya, taarifa haijasema usiende. Na taarifa si namba peke yake. Chini ya namba kuna maneno yanayoeleza tatizo ni la aina gani, liko miteremko ya upande upi na kimo gani. Msimu wenye tabaka lililozikwa kwa kina, kama lile la Novemba, maneno hayo ni muhimu kuliko namba, maana uwezekano wa kulivunja unaweza kuwa mdogo na bado likivunjika litashuka lote.

Mtafiti Ian McCammon alichapisha mwaka 2004 uchunguzi wa ajali 715 za maporomoko zilizotokea Marekani kati ya 1972 na 2003. Alitaka kujua kwa nini watu, wakiwemo waliosomea, waliingia mahali penye dalili za wazi. Akakuta mambo ambayo bibi zetu wangeyatambua mara moja. Watu waliamini mahali walipopazoea. Mazoea yana taabu. Walimfuata aliyeonekana kuwa mjuzi hata kama ujuzi wake ulikuwa wa kuteleza tu. Waliona nyayo za wengine wakadhani pamethibitishwa. Walikuwa wametoka mbali, wamepanga kwa miezi, wakaona aibu kurudi. Mimi ningeongeza lililo letu. Katika malezi yetu kijana hamkatizi mkubwa, na mgeni habishani na mwenyeji. Adabu hiyo ni nzuri mezani. Mlimani, binti wa miaka 15 aliyesikia mgumio chini ya ski zake lazima awe na ruhusa ya kusema "mimi siendi", na kikundi kizima kisimame. Mfundisheni hivyo nyumbani kabla hajaondoka, maana hataanza kujifunza hilo mbele ya wenzake.

Baada ya 2003 mambo yalibadilika, na kwa uzuri. Mwaka 2004 kilianzishwa mjini Revelstoke kituo cha taifa cha maporomoko, ambacho leo kinaitwa Avalanche Canada, na taarifa zake hutolewa bure kwa Kiingereza na Kifaransa. Idara ya hifadhi, Parks Canada, ilitunga kipimo cha ardhi yenyewe. Hili kwangu ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyotoka katika msiba ule. Kabla ya hapo watu waliuliza zaidi theluji ikoje leo. Kipimo kipya kinauliza mahali penyewe pakoje, siku zote. Kilipotungwa, ardhi iligawanywa madaraja matatu. Ya kwanza ni rahisi, yaani miteremko ya pole yenye misitu, ambapo maporomoko hufika kwa nadra. Ya pili ina njia za maporomoko, lakini mtu anayejua kuchagua anaweza kuzikwepa. Ya tatu ni tata, njia zinapishana juu yako na huna pa kupita bila kuwa chini ya mojawapo. Vikundi vya shule haviruhusiwi kuingia ile ya tatu katika hifadhi za milimani, na ile ya pili haiingiwi bila mwongozaji mwenye cheti. Theluji inageuka kila siku na mjuzi anaweza kuisoma vibaya. Ardhi haigeuki. Ukichagua ardhi vizuri, hata ukikosea juu ya theluji utarudi nyumbani.

Kuichagua hakuhitaji shahada. Maporomoko ya mabamba huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na mengi karibu na nyuzi 38. Chini ya 30 ni nadra. Simu iliyo mfukoni mwako ina kipimo cha mwinamo, na ramani zenye rangi za miinamo zinapatikana bure. Lakini kumbuka bonde la Connaught: mwinamo unaopimwa si wa pale unaposimama tu, ni wa kila kitu kilicho juu yako mpaka kileleni, na theluji iliyoshuka mita elfu moja hukimbia mbali kwenye tambarare kabla ya kusimama. Tazama msitu pia. Ukiona ukanda mrefu usio na miti mikubwa, umejaa vichaka vinavyoinama upande mmoja, hiyo ni njia. Ukiona mti uliopukutika matawi upande wa juu na kubaki nayo upande wa chini, ameshapita hapo aliyekutangulia, naye si binadamu. Usipumzike hapo, usile hapo, usiwasubiri wenzako hapo. Kama lazima pavukwe, vukeni mmoja mmoja, wengine wakiangalia.

Majira ya kuchipua mambo ni mengine, na nitayapitia haraka. Jua la Aprili hulainisha theluji, maji hupenya, na mteremko uliokuwa imara alfajiri unashuka mchana. Waongozaji wa Kilimanjaro huondoka kambi ya Barafu karibu na saa sita za usiku, wapande changarawe zikiwa zimeshikwa na baridi. Hapa kanuni ni hiyohiyo: toka na giza, na mguu ukianza kuzama hadi goti, uwe umeshashuka.

Sasa yale ambayo natumaini hamtayahitaji. Mtu akifunikwa, muda ndio kila kitu. Katika takwimu za Uswisi zilizochapishwa miaka ya 1990, karibu watu tisa kati ya kumi waliofukuliwa ndani ya dakika 15 walikuwa hai. Dakika ya 35 ilipofika, walibaki watatu. Takwimu za Kanada zinashuka mapema zaidi, kwa sababu theluji ya huku ni nzito zaidi na misitu huvunja watu. Karibu robo ya wanaokufa hapa huuawa na majeraha, wengi wa waliobaki hukosa hewa. Theluji inayoporomoka inaelea kama kitu chepesi, lakini inaposimama hukaza papo hapo, na aliye ndani hawezi kuinua hata kidole. Hatajifukua. Helikopta haitafika kwa muda huo. Waliosimama juu ndio uokoaji wote.

Kwa hiyo usikimbilie barabarani kuita msaada huku mwenzako yuko chini. Tuma ujumbe kama chombo kipo, halafu tafuta. Wote mnageuza bikoni zenu kutoka kutuma hadi kupokea, zote, maana iliyosahauliwa ikiendelea kutuma itawapeleka kwa mtu aliyesimama. Bikoni zote duniani leo hutumia mawimbi ya kilohetsi 457, kwa hiyo ya duka hili inasikia ya duka lile. Inawaleta hadi mita chache. Hapo fimbo inaingia, unachoma kwa mpango, kila baada ya sentimita 25, mpaka usikie kitu kinachonepa tofauti na ardhi. Fimbo inabaki palepale. Na hapa ndipo wengi hupoteza dakika: wanaanza kuchimba wima juu ya fimbo, wanasimama juu ya mtu wanayemtafuta, shimo linajaa. Shuka hatua moja au mbili chini ya mteremko, chimba kumwelekea kwa ubavu, mkipokezana. Kumtoa mtu aliye mita moja chini ni kuhamisha tani moja ya theluji na zaidi. Sepeto la plastiki litavunjika. Nunua la chuma, na mtoto alijaribu kwenye theluji ya nyuma ya nyumba, akiwa na glovu, akiwa amechoka.

Vifaa hivi ninavithamini, na sitamruhusu mtu wangu aende bila kuwa navyo. Wale watoto 14 walikuwa navyo vyote. Kozi ya mwanzo hapa Alberta na British Columbia ni ya siku mbili, darasani na milimani, na kijana anayepanga kutoka nje ya viwanja vya ski ambavyo vinalindwa aipate kwanza, kabla hata ya ski zenyewe.

Namalizia na ile karatasi ambayo italetwa nyumbani Januari, ikiwa imekunjwa ndani ya begi, na mtoto anaitaka saini kabla ya basi kufika. Msiitie saini mlangoni. Mpigieni mwalimu simu, kwa Kiingereza chochote mlicho nacho, au mwacheni mtoto atafsiri, mmuulize mwalimu: bonde wanalokwenda lina daraja gani katika kile kipimo cha ardhi, rahisi, la pili au tata? Kuna mteremko gani juu ya njia yao? Mwongozaji ana cheti cha nani? Taarifa ya hatari ikitoka jioni ya siku iliyotangulia na kusema daraja la 3, mpango wa pili ni upi, na umeshaandikwa? Nani kati yao ana mamlaka ya kusema turudi, na je, mwanangu ni mmojawapo? Mwalimu mzuri atafurahi kuulizwa, na majibu atakuwa nayo mkononi. Asipokuwa nayo, mtoto abaki nyumbani mwaka huu, na shule iambiwe kwa maandishi ni kwa sababu gani.